Kamba Ilipolegea Njia ya Makunduchi

Kwaruuu! Masoud, nilisikia chuma kinalia chini ya miguu kabla sijaliona shimo. Landrova ya mjomba ilitumbukia kwenye mawe. Nakuandikia juu ya boneti, dereva wa basi akuletee huko Mlandege. Nakuandikia kwa hasira.

Si hasira ya shimo. Ya Usi!

Watu nisiowajua walitoka makondeni na kamba. Mmoja wao, huyo Usi, ndiye aliyeongoza wimbo wa kuvutia. Gari likapanda, likapanda. Na mimi, Masoud, mimi! Nikapiga kelele: "Simameni! Ubeti huo mizani haitimii!"

Wakasimama. Kamba ikalegea. Gari likarudi shimoni, puu!

Usi hata hakukasirika. Akaimba: "Mpima mizani huyu, gari lake li shimoni!"

Nikahesabu kwa vidole. Imetimia! Wakavuta huku wanacheka, gari likatoka.

Bi Mwanamkasi, mwenye kamba, akanambia, "Haya, mjibu, mwanangu." Nikaishia kuhesabu vidole tena. Mimi! Mtunzi mzima!

Nikasema asante. Usi akajibu, "Tushacheka, yatosha."

Yatosha? Kesho Mwaka Kogwa, wanaume watapigana kwa mabua ya migomba kumaliza ugomvi wao. Wanawake watauimba ubeti ule uwanja mzima, na jina langu ndiyo basi.

Basi nimemwambia mbele yao wote: "Usi, kesho chagua bua la mgomba lililo zito. Nitakuja na langu, na kila nikikupiga, nitakupa ubeti uliotimia, mpaka useme mwenyewe umeshiba!"