Kanuni Mpya ya Nchi ya Visima

Singida, 9 Juni 1993

Kaka Abdulmajidi, shikamoo.

Bado nasikia dadu lilivyogonga sinia siku uliponifundisha mchezo wako wa kutunga nchi. Huku alizeti tumeshavuna.

Kanuni uliyoituma inanitia shaka. Unasema mwanamke akiposwa, dadu liamue. Katika nchi tuliyoitunga, visima ni vya wanawake na hawaamuliwi na mtu. Kanuni isiyofanana na nchi yake ni uongo. Tena imefika wiki ileile Selemani, muuza mitumba wa Mkiwa, alipoleta barua ya kuniposa. Mama kacheka: "We Hajira, hata mchezoni unamshuku kaka yako?"

Nakushuku. Nani alikuandikia habari za posa hii?

Jana nilipanda basi hadi Mkiwa, nikamrudishia Selemani barua yake mkononi.

Mdogo wako,
Hajira