Mwakio Amekubali Kutibiwa

Kaloleni, Voi

Dada yangu Mghoi,

Kwanza ujue kwamba tangu tukuzike, reli yote ya hapa imeniangukia mimi. Kwenye kazi bado wananiita mshika geti, lakini treni ya Mombasa haipiti Voi mpaka niinue mkono. Juzi ndovu walisimama relini, dereva akapiga honi mpaka akachoka. Mimi nikawakoholea mara moja tu, wakaondoka kimya kama watu waliotoka ibadani. Ungekuwepo ungesema, "Acha uongo wewe," halafu unipakulie sahani nyingine ya kimanga.

Sasa habari za mtoto wako. Yule tuliyembatiza Wakio, aliyekuwa akivua gauni la kanisani kabla hajafika nyumbani, akaenda na mbuzi amevaa kaptura yangu. Ulikuwa ukituambia, "Mwacheni, anajijua." Basi alijijua. Amekata nywele, ni fundi wa mawe hapa Voi, na kazini wote wanamwita Mwakio, jina la kiume. Wengine hawakumbuki kama aliwahi kuwa na jina lingine. Mimi ndiye niliyechelewa. Ulimi wangu ulishazoea lile la kwanza.

Mvua zilipoanza, akashikwa na maumivu chini ya kitovu, upande wa kulia, na homa juu yake. Akaenda zahanati moja ambayo siitaji. Karani akapaza sauti mbele ya watu: "Wakio ni nani? Wewe? Wewe ni mume ama mke, tujue pa kukupeleka." Benchi zima likacheka, hata waliokuwa wanaumwa. Mwingine akamwambia ashushe suruali hapo hapo waone. Mtoto akatoka bila dawa, akapanda mpaka kijijini Mghange kwa Mama yetu, akalala. Akasema afadhali afie pale kuliko kurudishwa kule.

Mama akaniita. Dada, nilipomwona niliogopa. Macho yalikuwa yameingia ndani, na tumbo haligusiki.

Unamjua Mama. Akasema ugonjwa kama huu hausogei ikiwa mtu wa ukoo amefunga hasira moyoni, na mwenye kuanza kutasa, yaani kutema kinywaji na hasira pamoja nacho, ni mjomba. Pombe ya miwa hakuna, Mama ameokoka, nikapewa kibuyu cha maji. Nikapiga funda, nikalinyunyiza chini vile baba alivyotufundisha. Nikasema, "Kama nina kinyongo na Wakio, kitoke, apone."

Mtoto akageuzia uso ukutani.

Mama akaniangalia vile alivyotuangalia tulipovunja chungu chake. "Unamwombea nani? Huyo hayupo hapa."

Mghoi, Mama huyo huyo, mzee wa kanisa. Nikapiga funda lingine. "Kama nina kinyongo na Mwakio, kitoke." Akageuka polepole, akanitazama. Akasema, "Mjomba, nipeleke. Lakini nenda mbele uwaambie. Nisiulizwe mbele ya watu."

Nikampeleka hospitali nyingine, mbali na ile. Pale kuna nesi mmoja, mama anayetoka Bomeni. Nikamnong'oneza mambo yalivyo. Hakuita mtu kwa sauti. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye benchi, akainama: "Mwakio, karibu ndani." Huko akamwambia, "Nitakuuliza kama bado unapata damu ya mwezi. Si umbea. Maumivu ya hapo yanaweza kutoka sehemu mbili, na dawa zake si moja. Sehemu zako za chini wewe unaziitaje, nami niziite hivyo?" Kisha kila alipotaka kumgusa alisema kwanza. "Sasa nabonyeza hapa. Itauma. Ukisema basi, naacha."

Ilikuwa kidole tumbo. Wakampasua siku hiyo hiyo, na daktari akasema tungechelewa kidogo tungekuwa tunachimba kando yako. Sasa amepona. Amerudi kwenye mawe, anakula ananimalizia sufuria. Na akiwa na kikohozi tu, anakwenda mwenyewe kwa yule nesi bila kusukumwa. Nilidhani sitaiona siku hiyo.

Lala salama, Dada. Nakuahidi hivi: atakayemdhihaki mtoto wako mbele yangu, awe karani awe chifu, atanisikia. Na jina lake nitalitaja vizuri, hata nikiwa nimelewa.

Lakini kuna kitu nimewaambia watu wa Kaloleni, kwamba mle ndani nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, nimemshika mkono. Sikuwepo. Hayo yote kanisimulia yeye. Nilikuwa nimeingia, ndiyo, lakini nesi akiuliza swali nalijibu mimi, la kwanza mimi, la pili mimi, mpaka akaniambia kwa upole, "Baba, asante, lakini mgonjwa ni huyu. Utusubiri nje." Nikaenda kukaa kwenye benchi la wajawazito. Mwakio anasema mlango ulipofungwa, ndipo alipoanza kusema.

Ndugu yako