Wote Tulizaliwa Januari Mosi

Jumatatu, 3 Februari. Lodwar.

Watu kumi na wanne leo. Maswali yaleyale. Ulizaliwa lini. Ulizaliwa wapi. Mama yako alikula nini akiwa na mimba yako. Mimi natafsiri, watafiti wanaandika. Kisha sindano, kisha asante, kisha zawadi: mche wa sabuni na kilo mbili za sukari. Wanampima mtu sukari halafu wanampa sukari. Naandika hapa ili baadaye nisijiambie niliota.

Mkubwa wao ni Daktari Muthoni, kutoka Nairobi. Kijana, mpole, anasalimia hata mbwa. Simwamini mtu mpole kiasi hicho. Ana sanduku la barafu lenye kufuli. Damu ya mchungaji inafungiwa kama dhahabu, mchungaji mwenyewe analala nje. Kuna kitu.

Mwezi wa tatu huu niko nao. Kabla ya hapo, miaka ishirini, nilikuwa na meza na mwavuli karibu na ofisi za serikali, nikiwajazia watu fomu. Wakiondoka nitarudi. Mwavuli bado upo, umechanika upande mmoja tu.

Jumatano, 5 Februari. Lodwar.

Mzee mmoja kaulizwa mama yake alikula nini. Akasema, "Nilikuwa ndani. Sikuona sahani." Watu wakacheka. Daktari akaandika: hajui.

Jioni nilimuuliza daktari moja kwa moja. Njaa ya mwanamke aliyekwisha kufa inamhusu nini? Akanieleza polepole, kama mtu anayepima uji wa mgonjwa. Kwamba jeni tunazorithi hazibadiliki kirahisi. Ila juu yake kuna alama ndogondogo, na alama hizo ndizo zinazosema jeni hii ifanye kazi, hii inyamaze. Njaa inaziweka. Moshi unaziweka. Sumu katika maji, mawazo mengi, vyakula. Na mtoto akiwa tumboni ndipo zinaposhika sana.

Nimelifikiria kwa njia yangu. Ng'ombe ni yuleyule, chapa ndiyo mpya. Mama akishinda njaa, mtoto anapigwa chapa humo ndani: dunia ni kavu, weka akiba, usiachilie kitu. Haya. Mwili huo ukizaliwa ukae na mbuzi, utembee kutwa, unywe maziwa kidogo, mambo sawa. Ukipelekwa mjini kwenye chapati na soda, bado unaweka akiba. Ndipo presha. Ndipo sukari.

Nilimuuliza kama ni hukumu. Akasema hapana, ni hatari tu, na mtu akifuatiliwa mapema anasaidika.

Maelezo mazuri. Mazuri mno. Kufuli lilikuwa la nini hakusema.

Alhamisi, 6 Februari. Lodwar.

Sanduku limepanda ndege ya asubuhi. Karatasi ya idhini inasema damu inakwenda maabara. Hiyo karatasi niliitafsiri mimi, na neno "maabara" nililitafsiri "nyumba ya damu". Hakuna aliyeuliza nyumba hiyo ina milango mingapi.

Joto. Mama kamaliza tumbaku, amekasirikia dunia nzima.

Jumatatu, 10 Februari. Kakuma.

Tumehamia huku kwa wiki. Nimelala kwa dada yangu Akolong.

Sikupenda nilichoona. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Anapumua kama aliyepanda kilima, na yuko kwenye kigoda. Mwanamke huyu alitembea na mbuzi upande wa Namoruputh maisha yake yote, hata homa hakuwa nayo. Mbuzi wakaisha kwa ukame, akaja kwa mwanawe hapa. Miaka mitatu ya mandazi na chai.

Walimpima mwezi uliopita. Presha juu, sukari juu. Wakampa karatasi ya kwenda hospitali, pamoja na kilo mbili za sukari. Alikwenda hospitali mara moja, akakaa foleni mpaka saa tisa, akarudi. Karatasi kafungia tumbaku. Sukari kaila.

Nilimgombeza. Akasema, "Wewe mwenye shule ugombeze. Mimi nachemsha chai."

Vijiko vitano kwenye kikombe kimoja. Nilihesabu.

Jumanne, 11 Februari. Kakuma.

Miaka ishirini mbele ya madirisha ya maofisa imenifunza jambo moja ambalo halifundishwi shuleni: kusoma karatasi ikiwa juu chini. Leo daktari aliiacha orodha mezani akizungumza na muuza maji, Mkongomani mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote.

Ni orodha ya watakaofuatiliwa. Nambari tupu, hakuna majina. Miaka mitatu ya kupimwa, dawa za presha na sukari bure, gari la kumfuata mtu nyumbani. Inafungwa Jumatatu.

Nambari yangu imo. Nilitoa damu siku ya kwanza ili watu waone sindano haiui.

Ya Akolong, niliyoiona kwenye ile karatasi ya tumbaku, haimo. Nimetazama mara mbili.

Kwa nini mimi? Mimi ni mzima. Presha yangu iko juu kidogo tu, kama ya mtu yeyote anayefikiri. Wanachagua wazima, wanaacha wagonjwa. Nilijua kuna kitu.

Jumatano, 12 Februari. Kakuma.

Nimeuliza, kwa kuzunguka. Jibu si siri hata kidogo, nimeona haya. Wanafuatilia waliokuwa tumboni wakati wa Lopiar, ukame ule uliofagia mifugo yote, ambao sasa wanaishi mjini. Kitambulisho changu kinasema mwaka wa themanini. Nimo. Cha Akolong kinasema themanini na nne, mvua ilikuwa imerudi. Hayumo. Basi.

Kisha akasema kwa mzaha, "Bwana Ekiru, watu wa huku mbona wote wamezaliwa Januari mosi?"

Akacheka. Nikacheka. Mimi nilicheka muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Naandika ukweli, hakuna anayesoma. Nusu ya watu wa Lodwar nimewazaa mimi, kwa biro. Mtu anakuja mezani, hajui tarehe, mama yake alimzaa wakihama malisho. Fomu inataka tarehe. Nampa Januari mosi, inapendeza, ni sikukuu. Mwaka namtazama usoni. Akitaka kazi ya vijana namshusha. Akitaka msaada wa wazee nampandisha. Akolong nilimshusha mimi mwenyewe, kulikuwa na kazi ya barabara isiyotaka walio na zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo kwenye karatasi ni mdogo wangu. Mdogo wangu aliyenibeba mgongoni.

Hayo nayajua. Sikuwahi kuona ubaya wake. Karatasi zina umri wake, watu wana wao.

Ila daktari anasoma alama za damu ya watu hawa kwa kufuata tarehe zangu. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 13 Februari. Lodwar.

Nimerudi kwa siku chache. Nilitaka kumuuliza Mama: Akolong alizaliwa lini hasa, kabla ya Lopiar au ndani yake?

"Ndani yake," akasema. "Nilikula matunda ya porini na ngozi ya kuchemsha. Alizaliwa kama panya."

Nikamuuliza, na mimi? Maana tangu utoto naitwa mtoto wa Lopiar. Kila bakuli lilianzia kwangu kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa nimejipangia kwamba Lopiar ilikuwa ndefu, sote wawili tumeingia.

Mama akanitazama kama mbuzi aliyeingia kanisani. "Wewe? Wewe ulinyonya mpaka ukatapika. Majani yalifika magotini. Jina lako ni mvua, Ekiru. Ulidhani nilikuita hivyo kwa utani?"

Nikamwonyesha kitambulisho. Hakukitazama. Akasema mwaka huo ulitoka kwenye kadi ya kliniki niliyopelekwa nayo shule ya misheni, na kadi ilikuwa ya Akolong. Misheni walikuwa wanatoa uji kwa wanafunzi, na walitaka mtoto aliyetimiza miaka saba. Wale wasio na kadi walipimwa kwa mkono: upitishe juu ya kichwa uguse sikio la pili. Mkono wa Akolong ulifika. Wangu haukufika hata karibu. Lakini Akolong alikuwa anawajua mbuzi mmoja mmoja, na mimi nilikuwa nawapoteza.

"Mmoja asome, mmoja achunge," akasema Mama. "Nikampa mwalimu kadi. Hakuuliza."

Miaka ishirini nimeandika karatasi za uongo. Niliyoiamini ni moja tu. Yangu.

Ijumaa, 14 Februari. Lodwar.

Mambo yalivyo, bila mapambo. Chapa ya njaa iko kwa Akolong. Alikuwa salama nayo mpaka mbuzi walipokufa. Sasa yuko mjini na vijiko vitano, na mahali pake kwenye orodha nimekaa mimi. Kama nilivyokaa kwenye dawati lake.

Nikisema, kazi imekwisha. Nani atamweka mkalimani ambaye tarehe zote ni zake? Na pengine watanishitaki. Nikinyamaza, napata dawa miaka mitatu, na gari la kunifuata nyumbani.

Nilijaribu kumshuku tena daktari, ingenisaidia. Labda orodha haina maana. Labda dawa ni za majaribio. Nimejitahidi mchana kutwa. Haikushika.

Jumapili, 16 Februari. Lodwar.

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Niliangalia migongo ya watu nikahesabu niliowazaa. Safu ya tatu karibu yote.

Jumatatu, 17 Februari. Kakuma.

Nimesema.

Nilianza na yangu na ya Akolong, nikadhani nitaishia hapo. Daktari akauliza, "Na hawa wengine wa Januari mosi? Wangapi ni wako?"

"Wengi."

"Wengi ni wangapi, Bwana Ekiru?"

"Wasio wangu ni rahisi kuhesabu."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alifunga kompyuta, akatoka nje, akasimama chini ya mti wa mathenge kwa muda mrefu, mgongo kwangu. Niliogopa analia. Alirudi macho makavu, akanyoosha mkono. Nikamvulia kitambulisho cha kazi nikampa.

Nikamwambia adhabu nimeikubali, ila orodha inafungwa leo. Dada yangu yuko nyumba ya tano kutoka kwenye tangi. Miguu yake imevimba. Mama yetu yuko hai, aulizwe.

Akafungua kompyuta tena.

Jumatano, 19 Februari. Lodwar.

Gari lao limekuja asubuhi. Nikavaa shati safi.

Hawakuniita mimi. Walimwita Mama.

Amerudi jioni na tumbaku mpya na kiburi kisichoingia mlangoni. Walimkalisha na wanawake wengine wazee watano. Wakapanga miaka: mwaka wa Lopiar, mwaka wa mvua, mwaka wa ugonjwa wa ngamia. Kila mtu katika orodha akatafutiwa mwaka wake kwa vinywa vya waliokuwepo. Mama anasema daktari ni mtoto mzuri, ila kalamu yake iko polepole.

Orodha wameiongezea wiki moja.

Kabla ya kulala akasema tu, kama anayetaja hali ya hewa: "Akolong wamemwandika. Wewe wamekufuta."

Nilimjibu, "Vizuri." Nilimaanisha hivyo, karibu kabisa.

Jumatatu, 24 Februari. Lodwar.

Meza na mwavuli. Wateja watatu. Wa pili, msichana wa Kalokol, hakujua tarehe yake. Nimemwambia aende amlete mama yake. Akasema ni mbali. Nikasema nitamngoja. Ameniita mzee mgumu.

Jumamosi, 1 Machi. Kakuma.

Nimekuja kumwona. Dawa ziko kwenye kopo la maziwa, juu, wajukuu wasifike. Muuguzi amemwambia chai bila sukari na atembee kila asubuhi. Miguu imepungua kidogo. Kidole bado kinaacha shimo, ila si refu.

Nilimweleza yote jana: kadi, uji, mkono na sikio. Alikuwa anajua. Alikuwa na miaka saba, si kipofu. Akasema mbuzi walikuwa wazuri. Akasema pia kwamba siku za uji alisimama nje ya ua wa shule mara mbili, kisha akaacha.  

Leo tumetoka jua likiwa chini, tukafuata mto mkavu wa Tarach. Watu tuliopishana nao walimsalimu yeye, ejok, ejok, mimi wakanitazama viatu. Anatembea na fimbo ileile ya mbuzi. Mgonjwa ni yeye, na baada ya kipande kidogo tu aliniacha nyuma. Mchanga ulikuwa laini, nikashindwa. Nikasimama, mikono magotini.

Aligeuka. Akaningoja nimfikie. Akanitazama juu mpaka chini, akainama kidogo, akanipa mgongo.

"Haya, panda."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikachukua fimbo yake nikaibeba. Tukarudi polepole.