Nusu Kaputi Uliyoikimbia

Mama,

Shikamoo. Marahaba yako siingojei tena, lakini kukuanza bila salamu siwezi. Ungenigeuzia uso hata huko uliko. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye baraza yako hapa Majoreni, tumbo limefungwa bandeji, na nina hasira na wewe. Bora niseme mapema, usije ukadhani nimekaa kukuombea dua tu.

Nimepasuliwa, Mama. Mawe kwenye nyongo, ugonjwa ule ule wako. Nimelazwa kwa nusu kaputi, ile ile uliyoikimbia, na nimeamka. Sasa najua ulichokikimbia kilikuwa nini, na kujua huko kumenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Unakumbuka siku niliyokupeleka? Ulivaa lile buibui lako la kwendea mazikoni, nikakutania, "Mama, tunakwenda hospitali, si matangani." Hukucheka. Wewe uliyekuwa ukiitwa kila nyumba iliyofiwa na mwanamke, ukaosha maiti na kuvisha sanda bila mkono kutetemeka, siku ile ulishindwa kufunga kamba za gauni la wagonjwa. Nilikufungia mimi. Ndipo uliponiambia kwa sauti ya chini, "Kufa siogopi, mwanangu. Naogopa kufa na mimi mwenyewe sipo. Wanilaze, nisijijue, roho initoke bila shahada. Nimewaosha wengi mimi, nyuso zao nazijua."

Nilikuambia madaktari wanaijua kazi yao, kama wasemavyo watu wasio na la kusema.

Kisha akaja yule mtaalamu wa nusu kaputi, kijana wa bara, mpole. Akauliza kama ulikuwa umekula au kunywa chochote tangu usiku.

"Sijala, sijanywa," ulimjibu. "Ni kombe tu."

"Kombe ndio nini, mama?"

Ukamweleza kwa fahari kwamba mwalimu wa chuo cha Kurani alikuandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akatia na asali, ukaja nalo kwenye chupa ndani ya mkoba. Ulikuwa umelimaliza lote muda si mrefu, nilipotoka kwenda kuulizia kitanda, ili moyo wako utulie. Mimi nilikuwa sina habari.

"Kwa hivyo umekunywa maji na asali," kijana akasema.

"Maji gani? Hayo ni maneno ya Mungu."

Hakukucheka, nakumbuka. Alieleza kwamba mtu akilazwa tumbo lina kitu, kile kitu huweza kupanda na kumwingia mapafuni, naye hana habari. Akasema wagonjwa wa siku hiyo ni wengi, basi urudi Jumatatu, uje na tumbo tupu. Jumatatu tu, Mama.

Lakini wewe ulirudi nyumbani uso umekunjuka kama mtu aliyefunguliwa jela. "Kombe limenikinga," uliwaambia wanawake waliokuja kukujulia hali. Mama mdogo Mwanatumu, ndugu yako, akadakia kwamba Mungu kakuonyesha wazi, wataka akuonyesheje tena? Mimi nikifungua mdomo naambiwa kusoma kumeniharibu. Jumatatu ilipofika nilikukuta jikoni, juu ya mbuzi, wakuna nazi.

"Sendi," ukasema. "Nishakatazwa."

Nilikubembeleza, nikalia, nikakufokea, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani mwangu. Hukuinua hata macho. Nazi ile ulikuna mpaka kifuu kikabaki cheupe.

Maumivu yaliporudi yalikuja na homa, macho yako yakawa ya manjano. Hata hapo ulikataa. Alasiri ile ulipokuwa ukikata roho, mama mdogo alikuinamia sikioni akakutamkisha shahada, tena na tena, na mimi nikawa naitazama midomo yako. Iliita maji. Kisha haikusema kitu. Hukujua hata ni nani aliyekushika mkono. Yaliyokuwa moyoni mwako Mungu ndiye ajuaye, wala mimi simsemei. Lakini lile uliloliogopa kule hospitali lilikupata hapa hapa, kitandani kwako, sisi sote tumekuzunguka. Hilo sijakusamehe.

Basi zamu yangu ikafika, na ngoja nikusimulie, maana wewe hukungoja kusimuliwa.

Kwanza ni baridi. Wananivua ushungi, wananivika kikofia chepesi, najiona niko uchi mbele ya watu nisiowajua. Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia mapigo hakisomi kwa ajili ya piko, weusi niliopakwa kuchani kwa harusi ya mjukuu wako, harusi ambayo kiti chako kilikaa bure, wakanibana sikioni. Halafu mashine ikaanza kunisengenya. Mimi natabasamu nionekane jasiri, yenyewe ti-ti-ti-ti, chumba kizima kinasikia moyo wangu unavyokwenda mbio. Nilitaka kushuka nikimbie na gauni lile la mgongo wazi. Nilikuelewa pale kuliko siku zote, Mama, na nikachukia kukuelewa.

Mwanamke aliyesimama kichwani pangu, wa bara naye, akasema, "Nakupatia dawa sasa. Utasikia baridi kwa mkono."

Nikamshika kiganja. "Ningoje kidogo, daktari. Nataka kutamka shahada."

"Tamka, mama. Hatuna haraka."

Wakasimama wote. Mmoja aliinamisha kichwa, sijui ni wa dini gani. Nikatamka polepole, kila neno mahali pake, kama ulivyonifundisha ukinisuka nywele kwenye baraza hii.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Baridi ikapanda mkononi, mdomo ukaingia ladha ya sarafu, taa ya juu ikasogea kidogo. Halafu hakuna halafu. Hakukuwa na giza, hakukuwa na ndoto, wala roho inayohangaika kutafuta mlango. Nilisikia tu mtu akiniita jina, koo laniuma, meno yagongana kwa baridi, na kazi imekwisha. Nikaangua kilio. Muuguzi alidhani ni kidonda, akaniongezea dawa ya maumivu. Ningemweleza nini?

Mama mdogo aliniletea kombe mimi pia, siku moja kabla ya kwenda. Nililipokea kwa mikono miwili, nikamwambia nitalinywa nikirudi. Nimelinywa leo asubuhi. Lina asali nyingi, na halikupungua chochote kwa kungojeshwa.

Watu wakipita hapa kunipa pole hunikumbusha kwamba siku yako ilikuwa imefika. Naitikia kwa adabu, ulinilea hivyo. Lakini mimi nilikuwepo. Siku yako ilikuwa ile Jumatatu, na kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Kaburi lako limeota majani. Nitakuja kuyang'oa nikiruhusiwa kuinama, na labda hasira itakuwa imepungua, sikuahidi. Pumzika, Mama. Ila lile neno ulilonong'ona nilipokuwa nakufunga kamba za gauni, hukupaswa kuniambia mimi. Ungemwambia yule kijana. Angekungoja, Mama. Kumbe huwa wanangoja.

Ni mimi,
binti yako uliyenifundisha shahada