Maboksi ya Mama

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, zikukute mzima na umeshiba. Hali yako? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Unalala vya kutosha, au bado unashika zamu za wenzako kwa kuona haya kusema hapana? Sisi huku hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolifikia. Nivumilie, siwezi kuanza nalo.

Nimekukumbuka mno, mdogo wangu. Juzi nilikuwa nakata shati la mteja, nikajikuta nimelikata kwa kipimo chako badala ya chake. Mwenyewe akilivaa litampwaya, atanisema, na atakuwa na haki. Binti yangu ulimwacha hana jino hata moja. Sasa ya utotoni yameanza kung'oka, na wewe anakujua kwa sauti ya simu tu.

Mjomba fundi redio bado anauendeleza ule ubishi wenu kuhusu kiwanda chenu cha dawa. Kila akija husimama hapo mlangoni: "Kampuni ya dawa imponye mtu, halafu yenyewe itakula wapi? Mgonjwa akipona, mteja kapotea!" Nyani haoni kundule. Redio anazotengeneza yeye humrudia kabla mwezi haujaandama. Nilipomwambia hivyo alinuna, lakini chai alikunywa.

Mimi nimewasikiliza nyote wawili. Ulisema kiwandani kwenu wapo watu wanaoumiza vichwa kutafuta dawa za kuponya kabisa, na kwamba atakayeipata kwanza atatajirika. Halafu ukanong'ona kuwa meneja wenu hana raha tangu hospitali zianze kutoa tiba fupi ya vidonda vya tumbo, maana vidonge vyenu vya kutuliza tumbo havinunuliwi kama zamani. Naona yote mawili ni kweli. Mimi sijawahi kushona kwa uzi mbovu makusudi. Lakini ukiniuliza kama huwa nakaa kuwaza namna ya kushona gauni lisilochakaa maisha, nitakuwa mwongo nikisema ndiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ni Mama.

Unajua miaka yote hii anameza vidonge vya kiwanda chenu kwa ajili ya vidonda vyake. Usilolijua ni kwamba maboksi hayatupi. Ameyapanga kabatini chini ya picha yako, hadi sahani zimehamia uvunguni mwa kitanda. Kila boksi jipya hulitazama kwanza pale lilipogundishwa, maana ndiyo kazi yako. Gundi ikienda upande husema, "Leo mwanangu alichoka." Ikinyooka, "Leo kala vizuri." Nilimweleza kwamba inayogundisha ni mashine. Akanijibu, "Na hiyo mashine inawashwa na nani?"

Wiki iliyopita alitapika damu. Tulimkimbiza hospitali. Daktari, mwanamke mmoja mpole, alimpima akasema vidonda vinaletwa na vijidudu vinavyoishi tumboni. Vidonge vyenu vilimpunguzia maumivu, lakini vijidudu vyenyewe vilibaki palepale. Akampa dawa za wiki mbili za kuviua. Akizimaliza kama alivyoelekezwa, anaweza kupona kabisa na asihitaji tena vile vya zamani. Asipozimeza damu itarudi, na safari hiyo huenda tusiwahi.

Mama amekataa. Dawa ziko mezani, hazijafunguliwa. Nimembembeleza, nimelia, nimemfokea, Mungu anisamehe. Mjomba naye, yeye anayehubiri kila siku kwamba watu wananyimwa tiba, alipiga magoti kabisa: "Dada, tiba si hiyo hapo! Imeze basi!" Mama akaomba maji ya kumezea kidonge chako.

Jana nilikuwa namsuka, ndipo akaniambia bila kugeuka, "Nikipona, kitaingia nini humu ndani kilichopita mkononi mwake?"

 Muda wote tunabishana kama wenye viwanda wanataka wagonjwa wapone, kumbe wa kwetu mwenyewe hataki.

Sikulaumu, Kitinda. Najua likizo huombi ukapewa siku hiyohiyo, na safari ni ndefu. Lakini njoo. Njoo hata kwa siku chache, umpe kidonge cha kwanza kwa mkono wako. Kikitoka mkononi mwako atakimeza, hata kama kimetengenezwa na washindani wenu. Halafu akushike mabega hayo ninayoyakata kwenye mashati ya watu, aone mwenyewe kama umechoka au umekula.

Shemeji yako anakusalimu, na binti yangu anauliza kama una ndevu. Mjomba anasema ukija mtamalizia ubishi, na safari hii atakuacha useme. Msalimie mwenzako mnayeishi naye chumba kimoja. Mola akufungulie njia na akufikishe salama.

Mama anajua naandika, ila hajui ninaandika nini. Anakusalimu sana. Anasema nikwambie yeye ni mzima, dawa zako ni nzuri, na usiache kuzitengeneza.

Wako akupendaye, na mlango siufungi kwa komeo,
Dada yako