Senge, Nekoye Amefika Langoni

Senge,

Kabla hujaniuliza kama nimekula na kama nimefunga duka vizuri, jua hili: Nekoye amefika. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu najua mengine yote hungeyasikiliza mpaka ulijue. Amefika langoni kwa miguu yake miwili, na lile koti kuukuu ulilonikataza kumbadilishia.

Nimekasirika, Senge. Miezi kumi na mmoja tangu tukuzike Malakisi na bado nimekasirika. Nimewakasirikia waliotengeneza ile gemu, waliotuweka miaka saba tukingojea sehemu ya mwisho, mara wanaahirisha, mara wanaomba radhi, kana kwamba wanaongojea ni vijana wenye figo nzima peke yao. Nimekukasirikia na wewe. Ulisema, kwa ile r yako mahali pa l, "Mimi siendi mahari mpaka nione mwisho," halafu ukaenda Jumatano asubuhi, uji ukiwa bado moto mezani. Watu wananiambia nikubali. Sikubali. Ningekuwa nimekubali nisingekuwa nakuandikia barua.

Na usisahau, wewe ndiye uliyeanza. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, umetoka kliniki hapa Kitale, ukaingia dukani kwangu Matisi kungoja ikatike. Vijana wanaokuja kucheza mpira kwenye mashine hawakuwa wamekuja. Nilikuwa nacheza yangu, Njia ya Chumvi, ile ya msichana anayevuka nchi ya chumvi akimtafuta kaka yake aliyeenda kutafuta kazi asirudi. Ukakaa kwenye benchi, ukavua viatu, ukatazama kama nusu saa. Kisha ukauliza, "Huyu msichana anaenda wapi peke yake? Hana watu?"

Nikakueleza. Ukauliza jina lake. Nilikuwa nimemwachia jina la kigeni alilokuja nalo, wala sikujua kulitamka. Ukaniambia nirudi mwanzo, niandike Nekoye, kwa sababu mtu hawezi kutafuta ndugu yake akiwa na jina asilojua limetoka wapi. Nilikuwa nimeshacheza siku tatu, Senge! Siku tatu zikaenda na maji, nikaandika Nekoye.

Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kubonyeza vitufe na kukutafsiria Kiingereza, yako ikawa kuamua. Sikuona ajabu. Dada ya baba, senge, ndiye mwenye neno kwetu, hata baba mwenyewe alikuwa akikuona anazima redio. Uliamua Nekoye alale wapi, amwamini nani, ampe nani maji. Uliamua pia ni nani nisiolewe naye, na kwa hilo ulikuwa sahihi, lakini siandiki jina la yule mtu kwenye barua yako.

Unamkumbuka yule mzee wa sehemu ya pili? Yule aliyemwongoza Nekoye mpaka kwenye visima, halafu akafia njiani. Gemu ikatupa mambo mawili tuchague: tuondoke haraka kabla dhoruba haijatufikia, au tubaki tumzike. Nikakuonya. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba ukibaki, dhoruba inamchukua punda na mzigo wote, na sehemu ya tatu nzima unaitembea kwa miguu. Wachezaji wote duniani wanaliita kosa la wanagenzi. Ukanisikiliza mpaka mwisho, ukasema, "Rakini atazikwa na nani?"

Nikasema, Senge, ni gemu.

"Nimeuriza atazikwa na nani."

Tukamzika. Tuliweka mawe moja moja, kitufe kilekile mara arobaini, na ulikuwa unahesabu. Punda akaenda na mzigo wake. Vijana wa Matisi walicheka wiki nzima wakikuita bibi, "Bana, si shosh ameuza mechi!" Ukawageukia ukawauliza, "Nyinyi mkikufa mtazikwa na punda?" Nikamwona mmoja akitoka nje kwenda kuchekea huko.

Halafu ile miaka ya kungoja. Figo zako zikaanza kukusumbua, safari ya Kitale ikakushinda, nikabeba mashine nikaileta Malakisi, nikaiweka chini ya runinga yako ili tuwe tunarudia sehemu za zamani tukingojea ile mpya. Ukawa unawaambia wageni kwamba tunangojea habari za Nekoye, kwamba tulimwona mara ya mwisho akiwa mbali na nyumbani, hana hata punda. Wamama wa kanisa wakamwombea Alhamisi mbili mfululizo. Alhamisi ya tatu mmoja akaomba picha yake waisambaze, ndipo ikabidi niseme. Wewe hukuona aibu hata kidogo. Ulisema maombi hayajawahi kuharibu kitu.

Sasa nikwambie yaliyotokea siku ya tatu baada ya kukuzika, kwa sababu nina hakika wamekuletea habari nusu.

Tulikaa uani tunyolewe, vitu vyako vigawanywe, matanga yafungwe. Kichwa changu kilikuwa kimeshalowanishwa, kinangoja wembe. Baba mdogo Makokha ndiye aliyekuwa anagawa: blanketi kwa huyu, jembe kwa yule, kiti chako cha kamba kwa mama. Akafika kwenye mashine. Kwa kuwa ilikuwa nyumbani mwako, wakaihesabu yako, akampa Wanjala, mwanao wa kwanza, aipeleke kwake Webuye. Sikuona vibaya. Mashine ni mashine. Lakini ndani yake mlikuwa na safari yetu, yote uliyoamua tangu siku ile ya mvua, na sehemu ya mwisho ingekuja kuisoma hiyo safari na kuendelea nayo. Ikifutwa, Nekoye angeanza upya kama msichana wa watu wengine. Angekuwa na punda mzima, na mzee angekuwa bado amelala barabarani.

Nikasimama nikaomba kitu kimoja, safari isifutwe mpaka niinakili. Watu wakacheka, Senge, katika matanga yako. Wanjala akasema, "Wewe nawe, unalilia gemu ama unalilia mama? Hiyo kitu nafuta leo, watoto wacheze mpira."

Nikasema, basi sinyolewi.

Baba mdogo akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nasimiyu, unataka kuacha matanga wazi?" Nikamwambia ndiyo, yawe wazi. Nikafunga leso juu ya nywele mbichi nikarudi Kitale siku hiyohiyo, na hakuna aliyenisindikiza mpaka barabarani.

Miezi kumi na mmoja nimekaa na nywele zangu. Wamesema mengi. Shangazi zangu wengine wamesema ni mkosi, kwamba nitazuia mvua, kwamba nitakuzuia wewe. Nikawaambia kama kuna mtu wa kumzuia Senge, namtaka nimwone. Kila aliyenipigia simu kuuliza kama bado, nilimjibu bado. Sikuwa natafuta ugomvi. Ulikuwa umebakisha lango moja tu, lile la mwisho wa nchi ya chumvi, na mimi sikuwa tayari kunyoa kana kwamba umefika.

Kisha sehemu ya mwisho ikatoka. Jumamosi ya kwanza nikapanda gari kwenda Webuye na flashi mfukoni na maneno makali tayari mdomoni. Njia nzima nilikuwa nayanoa. Nikamkuta Wanjala peke yake sebuleni. Mashine ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa ile shuka yako ya maua, na vumbi juu ya shuka.

Hakuwa ameigusa. Akaniambia bila kuniangalia, "Nilitaka kufuta siku ile ile. Ikaniuliza, una hakika? Na hapo imeandikwa Nekoye, na siku mlicheza mara ya mwisho. Hiyo siku nilimpigia mama simu, akaniambia ati nimpigie baadaye, ako na kazi. Nikasema, hakika ya nini sasa, bana."

Akalia. Na mimi na maneno yangu makali sikujua pa kuyapeleka, nikayameza. Tulikaa pale wawili kama wajinga tukiangalia runinga iliyozimwa. Baadaye akauliza, "Kwani hiyo stori ilikuwa inaenda wapi?" Nikamsimulia kuanzia mvua mpaka punda. Nilipofika kwenye punda alicheka kicheko chako kabisa, kile cha kupiga paja. Ilibidi niende jikoni kidogo.

Basi tumecheza Jumamosi sita dukani Matisi, mlango wazi, mchana kweupe, mimi kwenye vitufe na mwanao kwenye benchi mahali pako. Naye anavua viatu.

Tulipita kwenye kaburi la mzee. Lipo, Senge. Mawe yako yapo, arobaini, niliyahesabu. Nilitarajia labda tutapewa kitu pale, maji au silaha au neno la siri, ili niwaonyeshe wale vijana. Hakuna. Nekoye aliinama akaweka jiwe moja juu, akaendelea na safari. Nikawa na furaha kiasi kwamba kijana mmoja aliniuliza kama ni mgonjwa.

Na lango. Agizo lako sikulisahau, ulilonipa ukiwa huwezi tena kuketi: "Akifika kwa mrango asiingie mbio. Akae chini kwanza, aite jina ya ndugu yake." Nikamkalisha. Kuna kitufe cha kukaa, watu wengi hawakitumii. Akaita. Hakuna aliyeitika. Kaka yake alikuwa amekufa zamani, Senge, amefungwa kwenye turubai kando ya ukuta, hatua chache tu kutoka langoni. Tumemtafuta miaka yote hii, na yeye alikuwa amelala pale.

Ng'ambo ya lango kuna nchi ya kijani, mito, miti ya matunda, nyumba imeandaliwa. Gemu inakupa mambo mawili. Mwache kaka pale, uingie, uanze maisha mapya. Au mbebe mgongoni urudi ulikotoka, chumvi yote ile tena, na nchi ya kijani huioni kamwe. Huko mtandaoni wanasema wa kwanza ndio mwisho mzuri, kwamba ndio somo lenyewe, mtu ajifunze kuachilia. Vijana dukani wakapiga kelele, "Usimbebe, bana! Ingia!"

Wanjala nilimsimulia habari ya punda, lakini maneno yako uliyoyasema siku ile sikumwambia, nakuapia, niliyaweka yangu. Akainama mbele kwenye benchi akasema, "Sasa akimwacha hapo, atazikwa na nani?"

Nilishindwa kuona skrini.

Gemu ikauliza, una hakika? Nikasema kwa sauti, duka zima lisikie, kwamba tuna hakika. Nikabonyeza. Nekoye akamfunga kaka yake mgongoni kwa lile koti kuukuu, akageuka. Majina ya waliotengeneza gemu yakaanza kupita, mengi, nami huku nikiwasamehe mmoja mmoja shingo upande, naye anatembea nyuma ya majina. Akapita kwenye visima. Akapita kwenye kaburi la mzee. Gemu haikuonyesha akifika nyumbani. Iliishia kilimani, moshi wa jikoni ukionekana kwa mbali. Hakuna kijana aliyecheka. Mmoja alinyanyuka akazima feni, sijui kwa nini.

Jumamosi ijayo nakuja Malakisi. Baba mdogo amenipigia simu mwenyewe, amesema wembe upo. Wanjala atashika karai. Nitakaa uani pale pale nilipoondokea, ninyolewe, na barua hii nitakusomea kabla nywele hazijakauka chini. Lakini usije ukadhani nimekubali. Sikubali ulivyoondoka, sikubali uji ule, sikubali ile miaka saba. Nanyolewa kwa sababu tumemfikisha, basi.

Na ahadi yangu ni hii. Safari nimeinakili mara tatu: moja dukani, moja Webuye kwa mwanao, moja kwenye flashi niliyoishonea mfuko ndani ya leso yako. Siku yoyote mashine yoyote ikiniuliza kama nina hakika nataka kuifuta, jibu nitakalotoa unalijua.

Lala sasa, Senge. Umezikwa na watu wako. Punda hatukumhitaji.

Nasimiyu wako,
Matisi