Msalaba Uliong'olewa Champlin

Dada Wanjiru,

Msalaba wako umeng'olewa. Afadhali usikie kutoka kwangu, maana nyumbani kwako hakuna atakayekuambia.

Ule wa mbao tuliousimamisha kando ya barabara ya Champlin, huku ughaibuni, pale yule kijana alipokugonga kwa gari akakuua, akiangalia simu. Nikitoka kazini nilikuwa napita hapo, napunguza mwendo, nakusalimu. Wiki jana nikakuta shimo tu. Nikawapigia watu wa barabara kwa hasira. Wakaniambia hawajaugusa.

Ni mume wako, dada. Nilimuuliza shemeji jikoni kwako. Hata hakuinua macho. "Mercy anapita hapo akienda kazini," akasema. "Huo msalaba unamuumiza bure." Mercy ndiye mke wake sasa. Anapikia sufuria zako.

Unakumbuka nilipokutembelea Ujerumani, ulipokuwa ukisomea uuguzi? Ukanipeleka kuona msalaba wa jiwe kando ya njia ya mashambani, mfupi, mkono mmoja umevunjika, shayiri imeuzunguka. Bibi mwenye shamba akatueleza: zama za kati, aliyeua mtu alilazimishwa kusimamisha msalaba wa jiwe pale pale alipoulia, ili wapita njia wamwombee marehemu. Ukaushika ukasema, "Kumbe hawa walikuwa na haya." Karne na karne, na wenye shamba bado wanalima wakiukwepa. Wako haukumaliza hata msimu mmoja wa baridi. Na aliyekuua alisema pole mahakamani, akaenda zake.

Nililia garini. Kisha nikaenda kwa mzee Mzungu ambaye shamba lake la mahindi limepakana na barabara pale. Nilijua atanifukuza. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Uweke ndani ya uzio wangu. Hapa hakuna wa kuugusa."

Basi nimeagiza msalaba wa jiwe. Fundi aliniuliza aandike jina gani. Nikampa lako na la baba yetu. La mume nimeliacha. Kama nimekosea, nisamehe. Mimi sioni kosa.

Mwanao Kui amerefuka. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, lakini juzi aliniuliza, "Auntie, where is Mum's cross?" Aliniuliza hivyo, msalaba wa mama uko wapi, mbele ya baba yake.

Pumzika, dada yangu. Jiwe likisimama nitamleta mwanao, alishike kwa mkono wake. Hilo nakuahidi. Kumsamehe baba yake, hapana. Hilo usiniombe.

Mdogo wako,
Njeri